Kiti cha Wazazi Kisikae Kitupu

Kila mwaka mwezi wa Septemba unapoanza, mji wetu wa Kindu huamka mapema kuliko desturi. Katika Kasuku na Mikelenge njia hujaa watoto waliovaa mashati meupe na nguo za buluu, daftari mkononi. Ng'ambo ya pili, katika Alunguli, wengine hushuka ukingoni kungoja mtumbwi, kwa maana mto Lualaba hauna daraja hapa kwetu, na mwenye shughuli upande huu hana budi kuvuka maji.

Siku chache baadaye mtoto hurudi nyumbani na karatasi ndogo: wazazi wote wanaombwa kufika kwenye mkutano mkuu. Baba huitazama, huiweka juu ya kabati, na kusahau. Mama hajaisoma, kwa sababu alikwenda sokoni kabla ya jua kuchomoza. Siku ya mkutano inafika. Bwana Direkta yupo, waalimu wapo, na katika madawati ya mbele wamekaa wazazi saba au wanane, wale wale wa mwaka uliopita. Komite inachaguliwa, watu wanapiga makofi, kisha wanatawanyika. Baada ya miezi mitatu manung'uniko yanaanza katika nyumba zetu: Nani aliamua jambo hili? Kwa nini hatukuulizwa? Jibu ni moja tu, nalo ni chungu. Waliamua wale waliokuwapo. Wahenga walikwisha kutuonya: asiyekuwapo na lake halipo.

Leo twataka kuzungumza nanyi, wababa na wamama, juu ya kiti hicho kitupu. Hatusemi ili kuwalaumu. Twataka tutafute pamoja kwa nini kimekuwa kitupu, na hasara gani inawapata watoto wetu kwa ajili hiyo.

Neno tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Zamani tulikuwa tunalipa, ndiyo maana tulikwenda kuuliza. Sasa shule ya msingi ni bure. Asiyelipa atauliza nini?" Wanaosema hivyo si watu wabaya. Ni watu wanyofu, wenye haya. Wanaona kwamba mgeni aliyealikwa kula hapaswi kuuliza bei ya nyama. Lakini fikira hiyo ina kosa ndani yake, na ili tulione vizuri, yafaa tukumbuke mambo yalivyokuwa.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni, na Serikali ilizipa msaada wa fedha. Mwaka 1954 Serikali ya koloni ilianza kufungua shule zake yenyewe, zisizo za dini, kwa watoto wa Kiafrika. Baada ya Uhuru, mwishoni mwa mwaka 1974, Serikali ya Rais Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Haikupita miaka mingi ikaona shida ya kuzitunza, na tarehe 26 Februari 1977 ikafanya mapatano na makanisa, ikawarudishia kazi ya kuziongoza. Ndiyo maana hata leo tunazo shule ambazo ni za Serikali, lakini zinaongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu. Angalieni sasa: katika mageuzi hayo yote, wakubwa walizungumza na wakubwa. Mzazi alipata habari mambo yalipokwisha kuamuliwa.

Kisha ikaja miaka ya 1990 pamoja na taabu zake. Fedha ilipoteza thamani, mshahara wa mwalimu ukawa si kitu, migomo ikafunga shule nchini pote. Ndipo wazazi, kwa mapatano na wakuu wa makanisa, walipoanza kutoa fedha zao wenyewe ili mwalimu apate chakula na mtoto apate somo. Fedha hiyo tuliizoea kwa jina la prime. Ilisemwa kwamba ni msaada wa muda kidogo. Muda huo kidogo ulidumu zaidi ya miaka ishirini na mitano. Ni nani asiyekumbuka mtoto aliyefukuzwa darasani kwa sababu baba hakulipa? Ni mama gani hakuuza mihogo, mafuta ya ngazi au mchele ili kumrudisha? Tena sehemu ya fedha hiyo haikubaki shuleni. Ilipanda ngazi mpaka ofisi za juu.

Hata hivyo katika taabu ile wazazi walipata kitu kimoja: sauti. Aliyeombwa fedha alitaka kujua inakwenda wapi. Katika shule nyingi Komite ya Wazazi ilipata nguvu siku zile, kwa maana direkta asingeweza kuendesha shule bila kukubaliana nayo juu ya kiasi cha kulipa.

Mwezi wa Septemba 1919 haukuwa wetu, lakini Septemba 2019 twaikumbuka sote. Serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutimiza neno lililoandikwa katika Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za umma. Watoto waliokuwa wakikaa nyumbani walikuja kwa wingi. Ilikuwa furaha kubwa, na haki ilitendeka. Lakini furaha hiyo ilikuja na mizigo yake: madarasa yaliyojaa kupita kiasi, madawati yasiyotosha, waalimu wapya wanaofundisha huku majina yao hayajaandikwa katika orodha ya mishahara. Na mzigo mmoja haukuonekana kwa macho. Wazazi walipoacha kulipa, wengi waliacha pia kuuliza. Fedha iliondoka, nayo sauti ikaifuata.

Hapo ndipo penye kosa tulilolitaja. Sauti ya mzazi haikuzaliwa na fedha. Kifungu kile kile cha 43 kinachosema kwamba shule ya msingi ni bure, kinasema pia kwamba wazazi wana haki ya kuchagua namna ya malezi watakayowapa watoto wao. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inawahesabu wazazi kuwa washiriki katika kazi ya shule, pamoja na Serikali na makanisa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya wenye kulipa peke yao. Mzazi ana neno shuleni kwa sababu moja: mtoto ni wake. Tena tusidanganyane kwa neno bure. Fedha ya Serikali haianguki kutoka mbinguni kama mvua. Inatoka katika kodi, katika ushuru wa soko na wa barabara, katika mali ya ardhi yetu. Mama anayelipa ushuru wa meza yake sokoni amechangia hazina ya nchi. Basi asijione mgeni aliyealikwa kula. Ni mmoja wa wenye nyumba.

Sasa tueleze kiti chenyewe. Katika kila shule kuna vyombo viwili ambavyo wengi huvichanganya. Cha kwanza ni Komite ya Wazazi, inayoitwa COPA. Hiyo inachaguliwa na mkutano mkuu wa wazazi, nayo ni mdomo wao. Cha pili ni Baraza la uongozi wa shule, linaloitwa COGES. Humo hukaa mkuu wa shule, wajumbe wa waalimu, na wajumbe wa wazazi. Humo hupangwa matumizi ya fedha inayoletwa na Serikali kwa kuendesha shule: chaki, daftari za waalimu, kutengeneza paa, kununua kufuli. Fedha hiyo si nyingi, na pengine inachelewa. Lakini kwa sababu ni kidogo, yafaa itunzwe zaidi. Mwenye kibaba kimoja cha mchele huhesabu punje.

Msomaji mmoja aweza kusema: Haya ni maneno mazuri, lakini je, kuuliza kwa wazazi kwaweza kubadili kitu? Twende kwa jirani zetu wa Uganda tukaone. Katika miaka ya 1991 mpaka 1995, Serikali ya nchi ile ilikuwa ikipeleka fedha ya matumizi kwa shule za msingi, kwa hesabu ya wanafunzi. Wachunguzi walikwenda katika shule 250 kulinganisha fedha iliyotumwa na fedha iliyofika. Waliona kwamba katika kila franka mia, tuseme hivyo kwa lugha ya fedha yetu, zilifika 13 tu. Shule nyingi hazikupata hata moja. Nyingine zote zilibaki njiani, katika ofisi za wilaya.

Serikali ya Uganda ilifanya nini? Ilianza kutangaza katika magazeti kiasi kilichopelekwa kila mwezi kwa kila wilaya. Tena iliagiza kila shule ibandike ukutani karatasi inayoonyesha fedha iliyopokelewa, ili kila mzazi anayepita aisome. Kufika mwaka 2001, zaidi ya 80 katika kila mia zilikuwa zinafika shuleni. Wataalamu wengine wamesema, na wana haki, kwamba karatasi peke yake haikufanya kazi yote. Mageuzi mengine ya Serikali yalisaidia pia. Lakini fundisho linabaki. Fedha inayotembea gizani hupotea njia. Fedha inayotajwa mbele ya watu hufika nyumbani. Wazee wetu walisema neno hilo kabla ya wachunguzi wote: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, mzazi wa Kindu afanye nini? Tunaleta hapa mashauri machache, ambayo hayahitaji elimu kubwa wala fedha.

Kwanza, afike kwenye mkutano mkuu, na asimwache jirani nyumbani. Mkutano wenye wazazi wanane hauwezi kumkataza mtu neno. Mkutano wenye wazazi mia mbili husikilizwa hata kabla haujasema.

Pili, aangalie anachagua nani. Pengine komite inajazwa na jamaa za direkta, au na watu waliokaa humo miaka mingi hata wakasahau ni nani aliyewatuma. Tuchague watu wenye watoto katika shule ile ile, wanaojulikana kwa uaminifu, wasioogopa na wasiotukana. Tena tuchague wamama. Ni nani anayejua kwamba mtoto hana daftari, kwamba binti amekataa kwenda shuleni kwa sababu choo hakina mlango? Ni mama. Lakini mikutano mingi hupangwa saa tatu ya asubuhi, wakati mama yuko sokoni au shambani. Kama ni hivyo, tuombe mkutano ufanyike Jumapili baada ya ibada, au saa nyingine ambayo wengi hawana kazi. Ombi hilo si kubwa, na mkuu wa shule mwenye nia njema hatalikataa.

Tatu, aombe hesabu isomwe kwa Kiswahili. Karatasi za shule huandikwa kwa Kifaransa, na wengi wetu hukaa kimya kwa kuona haya. Hakuna sababu ya kuona haya. Kiswahili ni moja katika lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba, na ndiyo lugha tunayosema Kindu nyumbani, sokoni na kanisani. Hesabu nyofu husomeka katika lugha yoyote.

Nne, aombe karatasi ibandikwe ukutani. Fedha iliyoingia ni kiasi gani, iliingia tarehe gani, imetumika kwa kitu gani, imebaki kiasi gani: mistari minne yatosha. Namna ya kuomba nayo ina maana. Mama mmoja aweza kusimama na kusema: "Bwana Direkta, tunakushukuru kwa kazi unayotufanyia. Sisi wazazi tunaomba hesabu ya miezi hii mitatu ibandikwe pale mlangoni, ili tusaidiane kuijua." Hakuna tusi katika neno hilo, hakuna mashtaka. Direkta mwaminifu atalifurahia, kwa maana karatasi ile inamkinga na masingizio. Na kama mwingine atalikasirikia, basi wazazi watakuwa wamejifunza jambo.

Tano, tusikubali malipo yarudishwe kwa mlango wa nyuma. Pengine huja mtu na kusema: tutoe kidogo kwa ajili ya karatasi za mtihani, kidogo kwa ajili ya ulinzi, kidogo kwa ajili ya hiki na kile. Mwenye uwezo na moyo wa kusaidia shule asizuiwe. Lakini mtoto wa maskini asifukuzwe darasani la shule ya msingi ya umma kwa ajili ya fedha. Komite ya Wazazi haiwezi kuondoa kwa makofi kile ambacho Katiba imempa mtoto.

Wako wanaotuambia kwa sauti ya chini: "Nikiuliza sana, mtoto wangu atachukiwa na mwalimu." Hofu hiyo hatuicheki. Yule anayemkabidhi mtu mwingine mtoto wake huogopa kumkasirisha. Ndiyo sababu twasema: mtu asiende peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Swali la mzazi mmoja ni la baba fulani. Swali la komite ni la wazazi wote, na hakuna mtoto atakayeonyeshwa kidole kwa ajili yake.

Tena tusiwahesabu waalimu kuwa adui. Mwalimu anayefundisha watoto themanini bila mshahara ana shida kuliko sisi. Anastahili tumsaidie, na msaada mkubwa twaoweza kumpa si kurudisha prime kwa siri. Ni kuandika barua pamoja naye. Juu ya kila shule kuna ofisi ya Sous-division, ambayo hupokea habari za shule za eneo lake, na juu yake ofisi ya elimu ya jimbo. Kwa shule za makanisa kuna pia waratibu wao. Barua ya mwalimu mmoja anayelia mshahara yaweza kulala mezani. Barua yenye sahihi za wazazi mia moja, inayotaja idadi ya watoto, idadi ya madawati, na idadi ya waalimu wasiolipwa, ni vigumu kuifunika.

Katika jambo hilo sisi wa Kindu tuna nafasi kuliko wengine. Zamani, Maniema ilipokuwa sehemu ya Kivu, maamuzi ya mkoa yalitoka Bukavu, mbali na sisi. Tangu mwaka 1988 Maniema ni jimbo, na Kindu ndio mji wake mkuu. Ndugu zetu wa Punia, Lubutu au Kabambare wanakabiliwa na safari ndefu ya njia mbaya ili wafike penye ofisi za jimbo. Sisi tunapita mbele yake kila siku tukienda sokoni. Hapa hapa pia hutolewa agizo la Gavana linaloweka kiasi cha malipo ya shule za sekondari, ambazo si bure. Wenye watoto katika sekondari wangojao mpaka agizo limetiwa sahihi, kisha wanung'unike kwa prefe, wamechelewa. Wajumbe wa wazazi wapeleke neno mapema, kabla bei haijaandikwa.

Wapenzi wazazi, twafikiri juu ya mtoto mmoja. Hatuna jina lake, lakini ninyi mnamjua, kwa maana yumo katika kila mtaa. Amekaa chini katika darasa la tatu, kwa sababu dawati limejaa. Paa linavuja juu ya kichwa chake. Labda fedha ya kutengeneza paa ilifika, labda haikufika. Mtoto huyo hawezi kwenda kuuliza. Hawezi kusoma hesabu, hawezi kusimama mbele ya Direkta, hawezi kuandika barua kwa Sous-division. Ana mdomo mmoja tu wa kumsemea katika mambo hayo, nao ni wa baba yake na mama yake. Wakinyamaza hao, amekuwa bubu.

Karatasi ya mkutano itakapofika tena nyumbani kwenu, msiiweke juu ya kabati. Isomeni wote wawili jioni, mbele ya mtoto, ili aone kwamba shule yake ni jambo kubwa katika nyumba. Pangeni nani atakwenda, au nendeni wote. Na kama mnakaa Alunguli na shule iko ng'ambo, vukeni. Mtoto huvuka mto kila siku kwa ajili ya masomo yake. Si neno kubwa kwamba mzazi avuke mara tatu kwa mwaka.